Jumatano Ile Hakukuwa na Upepo

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Mfungo Saba, kabla ya jua kutoka, nilifiwa na mume wangu katika hospitali ya hapa hapa Pemba. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mguu ndio aliokuwa akiulalamikia, na nilijua amekwenda pale ulipokuwa mzito mkononi mwangu. Mungu hakutujaalia mtoto. Tulikuwa wawili, nikabaki mmoja.

Nimesoma mpaka darasa la saba, na chuo cha Kurani nimekhitimu Msahafu. Sina maneno ya kupamba. Naandika kwa sababu watu wa Wete walisema yao juu ya kifo hiki, na mabaharia wakasema yao, nami wakati huo nilikuwa ndani nimekaa eda. Kizuka, mjane aliye edani, hatoki kwenda kujibu watu. Anasikia tu.

Mume wangu alikuwa mtu wa Makangale, lakini tuliishi Jadida, hapa Wete, karibu maisha yetu yote ya ndoa. Kazi yake ilikuwa kwenye boti ya abiria inayokwenda Unguja. Alifunga kamba, alipanga mizigo, alishika mikono ya wazee wakati wa kushuka. Halafu moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala amekaa, mito mitatu nyuma ya mgongo. Mwenye boti akampa mapumziko. Alipokwenda kuuliza arudi lini akamkuta kijana mwingine amevaa fulana yake ya kazi, na ofisini akaambiwa pole. Alirudi nyumbani akanieleza hivyo hivyo, "Wamenambia pole," akaomba maji ya kunywa.

Mdogo wangu wa tumbo moja naye ni baharia kwenye boti hiyo. Nilimlea mimi baada ya mama yetu kufa, na mume wangu ndiye aliyempeleka bandarini akamtafutia kazi. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mtu niliyemshuku hakuwa mtu wa mbali.

Hospitali ilituandikia rufaa ya kwenda Unguja, kwa daktari wa moyo. Siku tuliyopewa ilikuwa Alhamisi. Tukapanga kuvuka Jumatano kwa boti ya asubuhi kutoka Mkoani, tulale kwa binamu yangu, Alhamisi twende.

Jumatatu baada ya Maghrib mdogo wangu alikuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni pa jikoni anatazama sakafu.

"Dada, kwani lazima Jumatano? Nendeni kesho."

"Daktari kasema Alhamisi. Kesho tukafanye nini?"

"Jumatano kutakuwa na upepo. Mgonjwa atasumbuka."

"Umesikia kwenye redio?"

"Nasema tu."

Akaingia chumbani kwa shemegi yake. Mimi nilikuwa nakoroga uji wa mchele, siwezi kuuacha. Niliwasikia wanaongea kwa sauti ya chini, kwa muda, kisha nikamsikia mume wangu anacheka, kicheko chake cha siku zile kilichokuwa kikiishia kwenye kikohozi. Mdogo wangu akatoka. Nikamwambia akae ale. Akasema ameshiba. Huyo hajapata kushiba nyumbani kwangu tangu azaliwe.

Nilipompelekea mume wangu uji nikamwambia, "Shemegi yako asema twende kesho, Jumatano kuna upepo."

"Upepo wa Jumatano kaujuaje Jumatatu? Keshaanza kupiga ramli huyo." Akapuliza uji. "Tutakwenda siku yetu."

Jumatano alfajiri alivaa kanzu nyeupe na kofia yake ya viua, ile ambayo haitoki sandukuni ila Idi. Nilimtania, nikamwambia, "Mgonjwa anakwenda kuoa Unguja." Akasema, "Watakaoniona, bora wanione nilivyo." Nilidhani anawasema madaktari.

Tulikodi gari. Tulipopita Gombani kulikuwa kumekucha, na miti haitikisiki. Nilitazama majani ya migomba njia nzima. Hakuna jani lililocheza. Tulipofika Mkoani na kuiona bahari, ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Boti imefungwa gatini. Watu na mabegi yao wamejaa nje ya geti, na mabaharia wameketi chini kwenye kivuli cha ukuta, wote, wamevaa fulana za kazi, mikono juu ya magoti. Mdogo wangu alikuwa katikati yao.

Mwanamke mmoja aliyebeba kapu la samaki wakavu aliuliza kuna nini.

"Wamegoma," akajibiwa.

"Wamegoma kula?"

"Kuondoka."

"Ingekuwa kula ningewaelewa," akasema, akaweka kapu chini.

Mzee mmoja mwenye bakora alikuwa anazungumza peke yake, kwa sauti ya kutaka asikike. "Mwenye duka akifunga duka lake, mie nakwenda duka la pili. Hawa wakifunga, niende wapi, niogelee?"

Baharia mmoja aliyeketi akamjibu bila kuinuka. "Baba, wewe wakosa safari moja. Siye tunataka tukiumwa tusitupwe. Tumeshaomba kwa maneno mpaka maneno yamekwisha."

"Ombeni ofisini. Mie si ofisi."

"Ofisini hawatusikii mpaka wewe upige kelele, baba. Basi zidi kupiga."

Watu wakacheka, hata mzee mwenyewe kidogo. Mimi sikucheka. Karibu na gari letu aliketi mwanamke kijana mwenye mtoto wa kike mapajani, mtoto ameungua kwa maji ya moto, kifua na shingo vimefungwa bandeji. Alikuwa na karatasi ya rufaa kama yetu. Mtoto hakuwa analia. Mtoto aliyeungua asipolia, mtu mzima huogopa zaidi.

Sasa likatokea jambo ambalo sikulielewa. Mabaharia wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanakuja kwenye dirisha la gari, wanamsalimia mume wangu kwa mikono miwili, wanarudi kukaa. Wengine walimbusu mkono. Niliona ni dhihaka. Mnamzuia mgonjwa, kisha mnakuja kumbusu mkono? Yeye aliitikia kila salamu kwa jina la mtu, na macho yake yalikuwa na uhai kuliko siku nyingi zilizopita. Mdogo wangu peke yake hakuja. Alinitazama mara moja akageuza uso.

Bwana mmoja wa ofisi ya boti alitoka, akalitazama gari letu, akarudi ndani. Baadaye akatoka tena, akatazama tena. Nikamfuata, nikamwambia mume wangu anatakiwa kwa daktari kesho. Akasema, "Mama, waambie hao." Nikawaendea hao. Mmoja akasema, "Mama, mwambie yule."

Tulipiga simu uwanja wa ndege, Chake. Viti vimejaa. Muuza kahawa wa pale getini alisikia, akasema bila kuulizwa, "Wenye habari zao walikata tiketi mapema. Kuna mzee wa kwenu huko Jadida kapita hapa jana na mkewe na mabegi makubwa. Mie nikajisemea, mbona leo wakubwa wana haraka?"

Nilimjua aliyemtaja. Ni mstaafu, nyumba yake iko mtaa wa pili na kwetu. Neno hilo likaniingia likakaa.

Baada ya Adhuhuri tulirudi Wete. Mume wangu alikuwa amechoka mno, midomo imekuwa na rangi ya kijivu, lakini hakulalamika, na hilo pia liliniudhi. Nilisema njia nzima. Niliwalaani mabaharia kwa jumla na mdogo wangu kwa jina lake. Mume wangu akaniambia mara moja tu, "Usimlaani ndugu yako. Hujui." Akafumba macho.

Alhamisi mchana boti iliondoka. Mwenye boti alikuwa ameahidi atakaa mezani na mabaharia. Kufikia saa hiyo mume wangu hakuweza tena kuinuliwa, tukampeleka hospitali ya hapa. Ijumaa nimeshaieleza. Walimzika Makangale siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, mimi nikaingia eda.

Naomba nisieleweke vibaya. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba angevuka Jumatano angepona. Niliuliza. Aliniambia moyo ulikuwa umekwisha choka, na kwamba hajui. Nimeishi na neno hilo, hajui.

Msibani wanawake waliongea, kama kawaida, ukishapita ukimya wa kwanza.

"Hao mabaharia ndio waliomuua, nasema kweli. Kazi ya kuvusha watu haigomewi. Daktari hagomi, wala mchimba kaburi hagomi."

"Mchimba kaburi ana siku ya kupumzika. Huyo mumeo mvuvi, ungemwambia atoke kila siku, na akikatwa na kamba umfukuze?"

"Mume wangu hajabeba roho ya mtu."

"Kabeba yako. Akizama wewe utakula nini?"

"Kisiwa hiki kina mlango mmoja, dada. Ukiufunga umefunga watu ndani."

Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa anasoma tasbihi, akasema, "Hapa ni kilioni, si barazani." Kisha mmoja akanigeukia kwa sauti ya chini, "Na wewe mwenye msiba, wasemaje?" Nilikuwa namtazama wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye alikuwa pale anapakua wali na hakuinua macho tangu mazungumzo yaanze.

Wifi alikuja kila siku baada ya hapo. Alifagia, alinifulia, alipika. Mume wake hakuja. Wakati wa maziko alibeba jeneza, niliambiwa, na khitma alisoma na wanaume, lakini kuingia kwa dada yake hakuingia. Mtu asiye na jambo huingia. Basi nikawa naangalia. Niliangalia wifi anavyojibu, niliangalia ni nani kati ya wageni aliyekuwa na haraka ya kuondoka nilipotaja upepo. Kizuka ana muda mwingi wa kuangalia.

Siku moja nilimuuliza wazi. "Mumeo alijua tangu Jumatatu?"

Akaacha kukuna nazi. "Walikula yamini, wifi. Wote, wameshika Msahafu, msikitini, Jumapili. Kwamba hatasema mtu, hata kwa mkewe, kwa sababu likivuja mwenye boti ataleta mabaharia kutoka Unguja na mgomo utakufa. Mie nilijua Jumatano kama wewe. Nilikuwa nimempikia chakula cha kubeba."

"Na nyumbani kwangu akaja kuniambia upepo."

"Alikuwa anataka kukusaidia bila kuvunja."

"Bahari ilikuwa shwari, wifi."

Akaendelea kukuna nazi.

Nililala na hilo siku kadhaa. Yamini si kitu kidogo, lakini chuoni tulisomeshwa kwamba mtu akiapa, kisha akaona kheri iko upande wa pili, aifuate kheri, halafu atoe kafara. Alishe maskini kumi, na asiyeweza, afunge siku tatu. Hilo mtoto yeyote aliyekaa kwenye jamvi la chuo analijua. Kwa hiyo nikawa napima hivi: upande mmoja mume wangu, upande wa pili maskini kumi na sahani za wali. Na ndugu yangu mimi alichagua kunisimulia upepo.

Kisha wifi, siku ya Jumapili, alikuja na kusema kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, "Leo sina wa kumpikia mchana. Mdogo wako kafunga."

"Kafunga nini? Rajabu bado."

"Sijui. Jana pia alifunga. Asema hana hamu ya kula."

Jumamosi na Jumapili si siku za sunna. Watu hufunga Jumatatu na Alhamisi, na mdogo wangu hata hizo hafungi. Nilikaa nikaona kitu kimoja tu kinachoweza kumfanya mtu yule afunge Jumamosi na Jumapili mfululizo. Alikuwa anatoa kafara. Na mtu hatoi kafara ya yamini ambayo hakuivunja. Basi kuna mtu alimwambia. Si mimi. Na palepale nikamkumbuka yule mstaafu wa mtaa wa pili, na mabegi yake makubwa, na haraka yake.

Nilimwambia wifi. Nilimwambia mumeo amemwambia yule mkubwa wa mtaa wa pili akanyamaza kwa dada yake, na kama alipewa kitu kwa ajili ya kusema, Mungu anamuona.

Wifi alisimama, na kwa mara ya kwanza alinijibu kama mtu aliyechoka na mimi. "Wewe ndiye uliyemlea. Ukisema ni muuza maneno, basi sema umelea muuza maneno. Mie nimemkuta keshakua." Akachukua mtandio wake akaenda. Kesho yake asubuhi hakuja.

Aliyekuja ni mke wa yule mstaafu. Walikuwa wamerudi kutoka Unguja, akaja kunipa mkono wa taazia. Nilimwacha akae, nikamwitikia dua zake, kisha nikamuuliza, "Bi mkubwa, nyinyi mliondoka Jumanne. Mlijuaje?"

"Kujua nini?"

"Kwamba Jumatano hakuna boti."

Alinitazama kama mtu anayetafuta nilichokiangusha. "Binti yangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Tulikimbia. Hata viatu nilivaa vya msichana wa kazi." Akatoa simu akanionesha kitoto kichanga kimefungwa kanga. Nikasema mashallah. Alipoondoka bado nilikuwa najiuliza ni nani hasa aliyempigia simu, na saa ngapi. Ukishaanza kushuku, hata mtoto mchanga unamtazama mara mbili.

Jumatatu hiyo hiyo, jua linakaribia kuzama, mdogo wangu aliingia. Hakubisha hodi ya mlangoni, alikohoa uani kama alivyozoea. Alikuwa amekonda. Alikaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Wifi yako kanambia ulichosema," akaanza.

"Ndicho nilichosema. Umefunga leo?"

"Nimefunga."

"Ya tatu."

"Ya tatu."

"Sina la kukuuliza ila moja. Ulimwambia nani?"

"Mumeo," akasema.

Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Jumatatu ile, wewe ukiwa jikoni. Kwanza nilikwambia wewe ule upuuzi wa upepo, nikaona hukuelewa. Nikaingia nikamwambia waziwazi. Shemegi, Jumatano hatutoki. Nenda kesho. Akaniuliza mnagomea nini. Nikamwambia tunagomea wewe. Tunataka mtu akiumwa nafasi yake isipewe mtu. Wewe ndiye mfano tulioubeba. Akacheka."

"Nilimsikia."

"Akasema, basi na mimi nitakuja. Nikamwambia wewe ni mgonjwa. Akasema ndiyo maana. Yule bwana wa ofisini alinambia pole na hanitazami, Jumatano atanitazama. Nitavaa kanzu."

"Na mimi?"

"Akasema, usimwambie dada yako, atanibeba kesho kwa nguvu. Akasema pengine mwenye boti ataona aibu mara moja, boti itoke saa nne, na Alhamisi atafika kwa daktari kama kawaida. Dada, na mie niliamini hivyo. Sote tuliamini hivyo."

Kwa hiyo kile nilichokiona dhihaka dirishani hakikuwa dhihaka. Na bwana yule wa ofisi alitoka mara mbili kutazama gari letu kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa. Nilipanda gari lile na begi la nguo na chupa ya chai nikidhani nampeleka mume wangu hospitali, kumbe yeye alikuwa anakwenda kazini.

Au ndivyo ninavyoambiwa. Maiti haulizwi. Nilimtazama mdogo wangu uso, uso niliokuwa nikiuosha kila asubuhi alipokuwa mdogo, nikatafuta mahali pa uongo. Sikupaona. Lakini Jumatatu ile pia sikupaona, na alikuwa ananidanganya habari ya upepo.

"Uape," nikamwambia.

"Siapi tena, dada. Nshaapa nikavunja, nimefunga. Nikiapa tena utaniamini zaidi?"

Nilifikiri nikaona hapana, nisingemwamini zaidi. Adhana ya Maghrib ikaanza. Nikampa maji na tende mbili, akafuturu, akasali hapo hapo uani, akaondoka.

Sasa naweza kusema kile ambacho wanawake waliniuliza kilioni. Mtu asiyeweza kukataa kazi si mfanyakazi, ni mtumwa, na visiwa hivi vinajua maana ya neno hilo. Mume wangu aliomba kwa adabu akaambiwa pole. Pole yao nimeiona mimi, imelala kwenye mito mitatu. Kwa hiyo mtu akiniambia mabaharia wanyimwe kugoma kabisa, namuuliza, wakishanyimwa, nani atawasikia? Lakini kisiwa hakina njia ya nyuma. Mume wangu aliulizwa, kama ni kweli aliulizwa, akachagua mwenyewe, na alikuwa mtu mzima. Yule mtoto wa bandeji hakuulizwa na mtu. Walikuwa na watu wa kutosha kula yamini, wangeshindwa vipi kupata wanne wa kumvusha mtoto na mgonjwa, boti iende tupu bila abiria wengine, irudi, waketi tena ukutani? Nilimuuliza mdogo wangu hilo siku nyingine. Akasema lilitajwa, mmoja akasema boti ikiondoka mara moja imeondoka. Nikasema huyo mmoja alikuwa na mtoto? Akasema anao.

Sijui mtoto yule aliishia wapi. Niliwatuma watu waulize Mkoani. Wengine walisema alivuka Alhamisi, wengine hawakumkumbuka. Nachelea wale wasiomkumbuka.

Wiki nyingi baadaye, eda yangu bado haijaisha, mdogo wangu akaja tena. Safari hii alikaa kwenye kiti.

"Jumatatu tunakaa na mwenye boti," akasema. "Wenzangu wamenituma kwako. Wanaomba ruhusa tumtaje marehemu."

"Mtasemaje?"

"Kwamba alimfanyia kazi mpaka moyo ukachoka, akamtupa, akafa."

"Hiyo ni kweli. Na iliyobaki?"

"Ipi?"

"Kwamba siku ya kwenda kwa daktari boti mliifunga nyinyi. Kwamba alijua akaja. Kwamba palikuwa na mtoto aliyeungua. Mtayasema?"

Akajikuna shavu. "Tukisema hayo, dada, tumemkabidhi fimbo atupige nayo."

"Basi semeni yote, au msimtaje."

"Mwenyewe angependa atajwe. Alivaa kanzu kwa ajili hiyo."

"Hayo nayajua kwako tu," nikamwambia. "Mume wangu alinificha jambo akafa nalo. Sijui angependa nini. Na wewe usiniambie unajua."

Akasema, "Watasema unatuvunja."

"Waambie mie kizuka, sivunji kitu, nimekaa ndani."

Akatabasamu bila kutaka, akainuka, akasema atawafikishia.

Jumatatu alasiri wifi yangu alikuja. Alikuwa hajaingia kwangu peke yake tangu siku ile aliyochukua mtandio. Alibeba muhogo kwenye kikapu, akauweka chini, akaniambia mkutano umekwisha. Wamekubaliwa kwamba baharia akiugua nafasi yake itamngoja mpaka daktari aseme hawezi tena. Gharama za matibabu bado, wataambiwa.

Nikamuuliza kama marehemu alitajwa.

"Hakutajwa," akasema.

Akatoa muhogo kikapuni, akachukua kisu akaanza kuumenya, nami nikaenda kuleta kisu cha pili.